Mapokezi ya Theluji Bonde la Mkole

Mambo haya yalitokea katika nchi moja ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa bila kibali cha maandishi, na ofisi inayotoa kibali hicho ilifungwa kwa ukarabati miaka tisa iliyopita. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya joto. Joto lake ni lile la kulainisha lami, ambapo askari wa barabarani huongoza magari akiwa kivulini, upande wa pili wa mtaa, na madereva humtii kwa kukisia. Ina mto mmoja mkubwa, Mkole, unaotoka vilimani na kupita katikati ya bonde wanamoishi watu wengi kuliko mahali pengine popote nchini. Humo bondeni ndimo ulimo pia uwanja wa taifa. Na ina rais mmoja, aitwaye Mtukufu Mlezi, ambaye hajapata kukosea tangu aingie madarakani. Kama alikosea kabla ya hapo haijulikani, kwa sababu nyaraka za miaka hiyo ziliungua zote siku moja.

Katika nchi hiyo alikuwako mwanamke aitwaye Sikudhani Mbaruku, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma utabiri wa hali ya hewa redioni kila siku saa saba mchana. Alikuwa na sauti tulivu, isiyo na haraka, na watu walimwamini, jambo ambalo kwa mtumishi wa serikali lilikuwa na hatari zake. Akisema jua litawaka, wanawake wa bondeni walianika mpunga. Akisema mawingu yatatanda, mafundi uashi waliahirisha kupiga plasta. Hakuna waziri aliyekuwa na wafuasi watiifu kiasi hicho, na hilo mawaziri walikuwa wameliona.

Siri ya kazi yake haikuwa kubwa. Idara ya Hali ya Hewa ilimiliki kompyuta ya kutabiria, yenye ukubwa wa kabati la nguo, ambayo ilikuwa zawadi ya nchi rafiki iliyoko kaskazini kabisa mwa dunia. Ilizinduliwa kwa ngoma na hotuba tatu, ikawekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi bora kuliko cha mkurugenzi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuna aliyekumbuka kuiambia kwamba imehama. Kila asubuhi ilitoa karatasi yenye hali ya hewa ya huko ilikozaliwa. Sikudhani aliipokea karatasi hiyo, akaitia kwenye faili kwa heshima zote, kisha akapanda juu ya paa kutazama mawingu, akasoma vipimamvua vyake, halafu akampigia simu Mzee Kapungu.

Mzee Kapungu alikuwa msomaji wa nguzo ya kupimia kina cha maji, huko juu vilimani Mkole unakoanzia. Alikuwa amesoma nguzo hiyo kwa miaka ishirini na saba. Hakuwahi kupandishwa cheo, kwa maelezo kwamba juu ya nguzo hakuna kitu kingine cha kusoma.

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Tindwa, aliujua utaratibu huu na kuunyamazia. Yeye ndiye aliyemfundisha Sikudhani kazi. Zamani alikuwa akipanda paani mwenyewe, anavuta hewa puani, anasema mvua itaanzia kwa wauza mkaa na kuishia sokoni, na ikawa hivyo. Tangu apewe ukurugenzi hakupanda tena. Alikuwa na mashati ya mikono mirefu, gari lenye vioo vyeusi, na hofu mpya ambayo alikuja nayo kazini kila siku kama wengine wanavyokuja na chakula cha mchana.

Balaa lilianza Jumatatu moja, balozi wa ile nchi rafiki alipotembelea redio ya taifa kuona zawadi yao inavyowafaa wananchi. Tindwa alimwita Sikudhani pembeni na kumwomba, kwa siku hiyo tu, asome ile karatasi ya kompyuta kama ilivyo. Sikudhani alimuuliza kama ameisoma. Tindwa akasema hakuna haja, karatasi ni ya mfadhili, na ya mfadhili huwa haisomwi, hushukuriwa.

Basi saa saba kamili, mbele ya balozi aliyekuwa akitabasamu, Sikudhani akawatangazia wananchi milioni kumi na moja kwamba mkondo wa hewa ya baridi kali kutoka Ncha ya Kaskazini ulikuwa ukikaribia, na kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata, kuanzia alfajiri, ingeanguka theluji nzito ya sentimita arobaini. Wananchi walishauriwa kukaa ndani, kuwasha majiko ya kuni na kuweka chumvi mlangoni ili wasiteleze. Balozi alipiga makofi. Sikudhani alikwisha kuandika sahihisho la mistari miwili, alisome mara tu mgeni akiondoka.

Mgeni aliaga baada ya dakika ishirini, lakini kufikia hapo Mtukufu Mlezi alikuwa amekwisha kulipongeza taifa. Alikuwa akila mchana karibu na redio. Taarifa ya Ikulu ilisema kwamba theluji hiyo ni matunda ya safari zake nyingi za nje, ambazo wasiolitakia mema taifa walikuwa wakiuliza zimeleta nini. Sasa zimeleta theluji. Nchi jirani zenye kiburi hazijawahi kupata hata punje moja.

Sikudhani alimpelekea Tindwa lile sahihisho. Tindwa alilisoma, akalisoma tena, kisha akalikunja mara nyingi hadi likawa dogo kama kidonge. Nusura alimeze.

*

Kuanzia siku iliyofuata serikali ilifanya kazi kwa kasi isiyowahi kuonekana wakati wa kipindupindu. Iliundwa Kamati ya Taifa ya Mapokezi ya Theluji, na mwenyekiti wake akawa Waziri wa Habari, Mazingira na Shangwe, Mheshimiwa Lumbwi. Huyu alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye alikuwa amehudumu chini ya vyama vinne bila kubadili kiti. Alitangaza kwamba sherehe zitafanyika uwanja wa taifa bondeni, kuanzia saa mbili asubuhi ya Jumamosi, na kwamba kuhudhuria ni hiari kwa wote watakaoitwa majina.

Profesa mmoja wa chuo kikuu alialikwa redioni kuwaondolea watu wasiwasi. Alieleza kwamba ikweta ni mstari uliochorwa na wageni bila kuwashirikisha wananchi, na kwamba taifa huru halilazimiki kuwa na joto. Kesho yake akateuliwa kuwa balozi, akapelekwa mahali penye baridi kweli, akafika na kaptula.

Makoti yakaja. Yalikuwa makoti mazito ya sufu, ya rangi ya majivu, yenye vifungo vya chuma, na yaliingizwa nchini na shemeji wa Mheshimiwa Lumbwi, aliyeyapata mahali fulani ambako vita vilikuwa vimeisha. Kila mtumishi wa umma alitakiwa kuvaa lake kuanzia Alhamisi ili mwili uzoee. Makarani wakaanza kudondoka mezani. Hospitali kuu ilipokea wagonjwa sitini kwa siku moja, na kwa kuwa hakuna mtu aliyeruhusiwa kuugua joto katika msimu wa baridi, wote waliandikwa mafua. Kikaundwa kikosi cha ukaguzi wa jasho. Askari wake walitembea na leso nyeupe, wakawa wanawapangusa watu vipaji vya nyuso mitaani, na aliyekutwa amelowa alipelekwa kituoni kueleza ni kwa nini mwili wake hauna imani na utabiri.

Watu wa bondeni, ambao walikuwa wamezoea serikali yao, walijirekebisha bila kelele. Wauza maji baridi waliandika juu ya ndoo zao "Theluji ya awali". Mama mmoja aliyekuwa na banda la uji alimuuliza Sikudhani, alipopita hapo kwenda nyumbani, kama hiyo theluji italoanisha kuni. Hakuwa na dhihaka. Alitaka kujua tu. Sikudhani alifungua mdomo kumjibu, akamwona askari wa leso amesimama hatua tano kutoka hapo akinywa uji, akasema kwamba kuni ni vizuri kuziweka juu. Usiku mzima maneno hayo yalimnyima usingizi, si kwa sababu yalikuwa ya uongo, bali kwa sababu yalikuwa ya woga.

Alisoma ile theluji kila siku saa saba. Aliambiwa aisome, akaisoma. Alijisemea kwamba uongo huu haumdhuru mtu: Jumamosi itafika, jua litawaka, serikali itatangaza kwamba theluji imeahirishwa na maadui, na kila mtu atavua koti lake arudi kwenye shida zake za kawaida.

*

Jumanne ya wiki ile ya sherehe Mzee Kapungu alipiga simu yeye mwenyewe, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka ishirini na saba. Alisema nguzo inasoma mita tatu na nusu, na kwamba nyuma ya vilima kumekuwa kweusi tangu juzi. Jumatano alisema mita nne na robo. Alhamisi asubuhi alisema mita tano, na udongo wa kando ya mto ulikuwa umeanza kumong'onyoka na kuondoka na migomba. Sikudhani alimuuliza anaonaje.

"Mimi husoma tu," alisema. "Lakini mke wangu nimempeleka kwa dada yake, juu."

Sikudhani alipanda paani. Bondeni hakukuwa na wingu hata moja, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana maji hayo yangefika chini ya anga safi, kwa watu waliovaa makoti. Alipiga hesabu zake mara tatu. Zote zilimpa Jumamosi asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne. Katika saa hizo hizo watu elfu sitini wangekuwa wamekaa kwenye uwanja ulio chini kuliko mahali pote mjini, wakitazama juu.

Aliandika tahadhari ya mafuriko na kumpelekea Tindwa, aliyekuwa amekaa ndani ya koti lake huku karatasi zikimnata mikononi. Tindwa aliisoma na kuielewa mara moja, kwa kuwa hakuwa amesahau kazi. Macho yake yalikwenda dirishani, upande wa vilima. Kwa sekunde chache Sikudhani alimwona tena yule mwalimu wake wa zamani, yule wa kunusa hewa. Kisha Tindwa akafungua droo, akatoa waraka wenye mhuri mwekundu. Waraka ulisema kwamba neno mvua, pamoja na ndugu zake wote kama manyunyu, masika na mafuriko, limesimamishwa matumizi hadi mapokezi yatakapomalizika, kwa sababu linachanganya wananchi.

"Bosi, watakufa," Sikudhani alisema.

"Nenda kwa Waziri," alijibu Tindwa kwa sauti ndogo. "Mimi nikienda atajua nimekutuma. Wewe ukienda atadhani umetumwa na mtu mkubwa kuliko mimi."

*

Mheshimiwa Lumbwi alimpokea vizuri. Alikuwa amevaa koti, skafu na glovu, na ofisi yake ilikuwa imepoozwa kwa viyoyozi vinne kiasi kwamba kioo cha dirisha kilitoa jasho kwa nje. Kwenye kona walisimama wanawake watatu wa kwaya wakisubiri aidhinishe ubeti wa mwisho wa wimbo wa kuikaribisha theluji. Aliwaambia wasubiri, akamsikiliza Sikudhani hadi mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza swali moja tu.

"Hayo maji yako yamo kwenye ratiba?"

Sikudhani alisema kwamba mto hauna ratiba. Waziri akaeleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni, kwamba hapo ndipo lilipo tatizo. Theluji ina ratiba: saa mbili kuwasili kwa wageni, saa mbili na nusu wimbo wa taifa, saa tatu kamili theluji yenyewe. Ikitangazwa kwamba kuna maji, watu watajiuliza theluji iko wapi. Wakijiuliza theluji iko wapi, watajiuliza nani alisema ipo. Na yeye Sikudhani, akikumbuka vizuri, ndiye aliyesema.

"Kwa hiyo unaona, mwanangu, ninakulinda," alisema Waziri. "Kila utabiri unaoihusu theluji, soma. Sitaugusa hata neno. Lakini kitu kingine chochote kitakachoanguka kutoka juu, sikijui."

Kisha akawageukia wale wa kwaya. Sikudhani aliteremka ngazi. Alikuwa na hasira, na hasira yake kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa zile siku kumi alizokuwa akisoma upuuzi kwa sauti yake nzuri. Angeweza kulitaja lile neno lililokatazwa hewani, lakini studio ilikuwa na ofisa wa usalama aliyeweka kidole kwenye swichi, na neno la kwanza tu lingekatwa kabla ya silabi ya pili. Alifika barabarani ndipo maneno ya Waziri yalipomrudia. Kila utabiri unaoihusu theluji. Hata neno.

Alirudi ofisini, akakaa, akaandika hadi jua likazama.

*

Ijumaa saa saba, ofisa wa usalama alisoma karatasi ya Sikudhani mstari kwa mstari. Aliona theluji mara tano, mvua hakuna. Akagonga mhuri.

"Ndugu wananchi," Sikudhani alisoma, "huu ni utabiri maalumu wa theluji. Theluji imekwisha kuanguka kwa wingi vilimani. Kwa sababu ya shauku yake ya kumwona Mtukufu Mlezi, theluji hii haitangoja kuanguka bondeni, bali itashuka kwa miguu. Itakuja ikiwa imekwisha kuyeyuka. Itafuata njia ya Mto Mkole, kwa kasi, kesho kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na kina chake kitazidi urefu wa mlango. Rangi yake ni ya udongo. Inakumbushwa kwamba katika mataifa yote yaliyoendelea theluji hupokewa mlimani. Kwa hiyo mzalendo wa kweli hatalala bondeni leo. Atapanda juu kabla ya jua kuzama, pamoja na wazazi wake, wagonjwa wake, kuku wake, godoro lake na vyeti vyake vya shule. Atakayebaki chini atahesabiwa kuwa ameikimbia theluji. Narudia."

Akarudia mara tatu, polepole.

Bondeni watu walisikiliza wakiwa wamesimama. Yule mama wa banda la uji alizima moto wake bila kungoja marudio, akapakia masufuria kichwani. Kufikia saa tisa barabara ya kupanda mlimani ilikuwa imejaa. Askari wa leso walijaribu kuuliza kuna nini, wakaambiwa na kila mtu jibu moja, kwa nyuso kavu kabisa: tunakwenda kuipokea. Hakukuwa na sheria ya kuwazuia. Wengine kati ya askari hao walikuwa na mama zao bondeni, na baada ya muda walikunja leso wakaenda kuwabeba.

Ikulu nayo haikuwa na la kupinga. Mtukufu Mlezi, aliposikia kwamba theluji hupokewa mlimani, alisema hivyo ndivyo alivyokuwa ameagiza tangu mwanzo, na akahamia hoteli moja iliyo kileleni. Mheshimiwa Lumbwi alimfuata kwa haraka isiyolingana na umbo lake. Lakini viti vya jukwaa kuu, vyenye mito ya mahameli, vilikuwa vimeagizwa ng'ambo, na sherehe haikuwa imefutwa rasmi, kwa kuwa anayeweza kuifuta alikuwa njiani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Waziri aliandika barua moja: Mkurugenzi Tindwa akabidhiwe jukwaa, viti na zulia, naye asiondoke hapo hadi atakapopokea maelekezo mengine.

Sikudhani alimkuta jioni hiyo pale uwanjani, peke yake, amekaa kwenye kiti cha pembeni kabisa, koti limefungwa hadi shingoni. Alikuwa amesikiliza utabiri. Alimsifu. Alisema sehemu ya vyeti vya shule ilikuwa nzuri, kwamba watu husahau vyeti. Sikudhani alimwomba waondoke pamoja. Tindwa alitikisa kichwa.

"Nimekabidhiwa kwa maandishi," alisema.

"Maji hayajui kusoma, mwalimu."

Ni miaka mingi hakuwa amemwita hivyo. Tindwa alitazama vilima kwa muda mrefu, akavuta hewa puani.

"Itafika saa mbili na robo," alisema. "Wewe umeandika kati ya saa mbili na nne, lakini itafika saa mbili na robo. Watanipigia simu kabla ya hapo. Mheshimiwa hawezi kusahau."

Sikudhani alimshika mkono wa koti na kumvuta, akavuta kwelikweli, kama mtu anavyomvuta mbuzi aliyegoma. Tindwa alikaa imara kwenye mahameli. Jua lilipokaribia kuzama Sikudhani akapanda mlima akiwa analia.

*

Mkole ulifika saa mbili na robo. Waliokuwa juu waliuona ukiingia bondeni chini ya anga ya bluu, wa rangi ya udongo, umebeba milango na mizinga ya nyuki na paa zima la kituo cha polisi. Ulizunguka uwanja wa taifa mara moja, kama unaotafuta lango la wageni wa heshima, kisha ukaingia. Mahali fulani katika umati kwaya, ambayo haikuwa imepewa maelekezo mengine, ilianza wimbo wa kuikaribisha theluji, ikaimba hadi ubeti wa pili, ikanyamaza.

Kati ya watu wote wa bondeni alikufa mmoja. Walimpata siku ya pili, amenasa kwenye nguzo za goli, na waliomtoa walisema lile koti peke yake lilikuwa na uzito wa watu wawili. Simu yake ilikuwa mfukoni, mkono wake bado umeishika.

Serikali ilitangaza ushindi. Theluji ilikuwa imewasili siku iliyotajwa, saa iliyotajwa, na hali yake ya kuyeyuka ilielezwa kuwa mafanikio ya ziada, kwa kuwa wananchi wameipata ikiwa tayari kwa matumizi. Kuhusu Tindwa, ilionekana kwamba taifa lililopata theluji linahitaji pia shujaa wa theluji. Cheti chake cha kifo kikaandikwa kwamba aliganda. Daktari aliyeuliza aligandaje katika joto la nyuzi thelathini na nne alihamishiwa kisiwani.

Ikaandaliwa maziko ya kitaifa, huko juu mlimani, kwenye kiwanja cha shule. Hotuba iliandikwa na wizara, na ilitakiwa kusomwa na Sikudhani, kwa sababu ya sauti yake. Mheshimiwa Lumbwi alimletea mwenyewe. Alikuwa na furaha. Alimdokezea kwamba kiti cha mkurugenzi kimebaki wazi, na kwamba hakuna mtu anayeweza kukijaza vizuri kuliko mtu anayeweza kusema theluji mara tano bila kupepesa macho. Sikudhani aliichukua ile hotuba, akaisoma kimoyomoyo akiwa amesimama juani.

Mstari wa mbele alikaa mjane wa Tindwa, na pembeni yake mama mzazi wa marehemu, bibi kizee asiyesikia vizuri, aliyekuja kutoka kijijini kwa lori. Tangu afike alikuwa akiuliza jambo lile lile. Walimwambia mwanawe ni shujaa wa theluji, akauliza theluji ni nani. Walimwambia aliganda, akasema mwanawe hakuwa maziwa. Alikuwa amekataa jeneza kufunikwa udongo, kwa maelezo kwamba huyo wanayemsema hapo hamjui, na yeye hawezi kumzika mtoto wa mtu mwingine.

Sikudhani alisimama mbele ya kipaza sauti. Alisoma aya ya kwanza, iliyohusu Mtukufu Mlezi. Alisoma ya pili, iliyohusu Mtukufu Mlezi tena. Aya ya tatu ilianza kwa jina la Tindwa, na hapo alishusha karatasi.

"Shangali Tindwa alinifundisha kazi," alisema. "Alikuwa akinusa mvua ikiwa bado siku mbili mbali. Jumamosi asubuhi Mto Mkole ulifurika kwa sababu ya mvua kubwa vilimani. Alikuwa anajua. Aliambiwa asitoke, na hakuna aliyempigia simu. Alizama."

Kiwanja kilikuwa kimya. Mheshimiwa Lumbwi, ambaye alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu yake, aliusikia ukimya, akadhani ni mwisho wa aya, akapiga makofi. Viongozi wa jukwaani walimfuata kupiga makofi. Ofisa wa usalama aliyekuwa na swichi ya kipaza sauti aliwaangalia viongozi wake wakishangilia, akaona hana amri ya kukata kinachoshangiliwa, akaondoa kidole.

Katika makofi hayo bibi kizee alimvuta mkwewe nguo, akamuuliza yule binti amesema nini. Mjane aliinama, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Amesema alizama, mama. Kwenye mafuriko."

Makofi yalikuwa yamekwisha, na bibi alipozungumza alizungumza kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, ikafika hadi jukwaani na nyuma kabisa kwenye ukuta wa shule.

"Ee. Huyo ndiye wangu," alisema. "Tangu utotoni hakujua kuogelea. Haya, mzikeni."